Pumzi ya Saa Nne

Mimi ni mpiga tarumbeta wa parokia, kule Kadutu.
Nimesindikiza majeneza mengi kwenye mteremko ule,
mvua ikipiga shaba, viatu vimejaa tope,
kwa hiyo fundi Muhindo alipouliza, "Nani ana mapafu?"
sikungoja mwingine anyooshe mkono.

Tulikuwa saba kwenye sitaha ya nyuma ya Akonkwa,
meli ya Jumamosi, Bukavu kwenda Goma.
Wenye tiketi za chini walilalia magunia ya muhogo;
sisi tulikuwa tumeongeza franka elfu kumi na tano,
na kila mmoja, tangazo lilisema, aje na kioo chake.
Nilikuja na chupa ya bia. Niliinywa usiku wake,
kwa ajili ya masomo.

Tanuri lilikuwa pipa la mazuti lililojengewa matofali ndani,
limefungwa minyororo minne kama fahali wa mahari,
maana ziwa, alisema Muhindo, hukosa adabu likifika Idjwi.
Akazivunja chupa zetu kwa nyundo, ndani ya gunia,
bila kuomba radhi.

Nilidhani kioo kitachemka kama maji.
Hapana. Kililegea kwanza,
kama mtu anayepokea habari mbaya akiwa amesimama,
kisha kikawa asali,
kisha asali yenye hasira.

"Kwetu Goma," alisema fundi, akizungusha bomba,
"mlima uliingia sebuleni.
Siku ya tatu nikakuta kidirisha juu ya jiwe,
kimekunjika kama leso.
Nikakiuliza: nani amekufundisha?"
Hakuendelea. Alinipa bomba.

Nikapuliza kama ninavyopuliza Jumapili.
Kioo kikavimba, kikawa chembamba kuliko ganda la kitunguu,
kikapasuka bila sauti, vipande vikaelea
kama mbawa za kumbikumbi.
Watu wakacheka mpaka nahodha akachungulia.
"Mzee, humwiti mtu," fundi akaniambia.
"Hapa hakuna wa kuamshwa."

Akafuata Mama M'Rugamba, mchuuzi wa sambaza,
ambaye hajawahi kushika hata filimbi.
Akapuliza kidogo, akapumzika,
akalalamikia bei ya chumvi, akapuliza tena,
kama anayemtoa mtoto vumbi jichoni,
na kioo kikamfuata, kikamfuata.

Nikaomba zamu nyingine. Aibu nayo ni deni.
Ilikuwa saa nne, Idjwi iko kuliani,
wimbi likagonga ubavu wa meli, tufe langu likainama
nami sikulinyoosha. Nilikuwa na pumzi moja ndogo,
ile ninayoibakiza mwisho wa kila maziko
nisije nikamwangukia marehemu.
Nikaipeleka humo, yote.

Muhindo akakata, akaziba tundu kwa tone la kioo,
akalizika tufe ndani ya majivu ya moto.
"Lipoe mpaka Goma. Ukiliharakisha
litakufa usiku, kabatini.
Mtasikia *tik*, mtadhani ni panya."

Nilirudi Bukavu Jumatatu, nimelivika soksi.
La kahawia. Limepinda upande wa wimbi.
Nimewapigia watu mia tatu na zaidi,
na pumzi zote hizo zilikwenda na upepo wa Kadutu,
sina hata moja ya kuonyesha.
Hii ipo. Ina saa yake, ina mahali pake.

Nilitaka kumweleza mke wangu hayo, nikakosa pa kuanzia.
Nsimire akaligeuzageuza penye mwanga,
akaligonga kwa ukucha, akasikiliza,
akasema: "Na chupa tupu ya jirani,
uliyoapa kuirudisha?"

Nikanyoosha kidole.

Akanyamaza kitambo.
Kisha akatafuta kisahani, akaliweka juu ya kabati,
akarudi tena, akalisogeza
mbali na ukingo.